Makaa ya Mtwara: shajara ya vita ambayo haikutokea

7 Machi

Swali limepita kwa kura na kuanzia leo halibadilishwi: ingekuwaje kama Wajerumani wangejenga kituo cha manowari Mtwara kabla ya Vita Kuu ya 1914? Si Dar es Salaam wala Tanga. Hapa hapa, kwenye ghuba hii ambamo meli za kubeba korosho zinaingia na kutoka kila msimu.

Anayeijua bandari yetu ataona swali lilipotoka. Wajerumani walikaa Mikindani, na boma walilolijenga 1895 lipo mpaka leo. Mikindani ni maji ya majahazi. Ghuba ya Mtwara, yenye kina chake, iko pua na mdomo na pale, na hawakuifanyia jambo la maana. Gati la meli kubwa lilikuja baadaye sana, zama za Waingereza, na halikujengwa kwa ajili ya vita. Lilitokana na ule mpango wa karanga ulioanza 1947 ukafa 1951, ukatuachia bandari iliyofunguliwa 1954 na reli ya Nachingwea ambayo nayo iling'olewa miaka ya 1960.

Tunapimia swali hili kwa Rule the Waves 3, gemu ya kompyuta iliyotoka 2023. Mtu akiitupia jicho atadhani ni programu ya uhasibu: majedwali, orodha, tarakimu, halafu ramani ya bahari yenye vijimeli visivyozidi punje ya mchele. Unashika ukuu wa jeshi la majini la nchi moja, sisi tumeshika Ujerumani tukaanzia 1900, na kila zamu ni mwezi mzima. Meli unazisanifu mwenyewe: uzito, unene wa deraya (chuma cha kuzuia risasi), ukubwa wa mizinga, kasi, umbali inaoweza kwenda bila kuongeza makaa. Serikali inakupa bajeti na mara nyingi inakunyima. Vita hutangazi wewe. Mvutano na mataifa mengine unapanda na kushuka, ukifika juu kabisa vita inalipuka, uwe umejiandaa au hujajiandaa.

Uzuri mwingine ni kwamba haichagui kompyuta. Tunaichezea kwenye laptopu kuukuu ya Fundi, kijana mwenye banda la kutengeneza simu Magomeni. Wengine ni Mhasibu, dada anayeshika vitabu vya chama cha msingi cha wakulima wa korosho, na Mzee Sarangi, aliyestaafu kazi ya tagi, boti ya kukokota meli kubwa, bandarini. Mimi ni mwalimu wa historia. Nimepewa uamuzi wa mchezo, yaani kazi ya kulaumiwa.

14 Machi

Gemu imeigawa bahari ya dunia katika kanda kubwa kubwa. Haijui Rufiji ina midomo mingapi, haijui Sudi iko wapi, na ghuba yetu kwake ni namba inayoonyesha kituo kinabeba meli kiasi gani. Kwa hiyo tumechora ramani ya kwetu: karatasi za manila zilizounganishwa kwa solotepu, kaskazini delta ya Rufiji na Kisiwa cha Mafia, kusini mdomo wa Ruvuma, mashariki hadi Ngazija na ncha ya Madagaska. Vizibo vya soda ni meli. Korosho iliyobanguliwa ni tani 50 za makaa.

Korosho hazikumaliza jioni. Kufikia saa tatu usiku Ujerumani ilikuwa imepoteza tani mia nne na hakuna meli iliyokuwa imewasha boila. Mhasibu akazikusanya zilizobaki, akaweka mbegu za ukwaju mahali pake, akafungua leja: iliyoingia, iliyotoka, salio, saini. Tangu hapo hapotei hata nusu tani.

Tumekubaliana hivi: ya bahari kuu yanaamuliwa na gemu, ya pwani na ya nchi kavu yanaamuliwa na karatasi. Yakigongana, naamua mimi.

21 Machi

Kabla ya kupotosha historia lazima ijulikane ilivyokwenda. Fundi alikuwa anaijua Königsberg, manowari ya Kijerumani, kwa jina moja tu, "ile meli ya Rufiji", kwa hiyo jioni yote tumeifuata kwa kizibo chekundu juu ya manila.

Ilifika Dar es Salaam Juni 1914, na mizinga yake kumi ya sentimita 10.5. Tarehe 31 Julai ikatoka kimya kimya. Tarehe 6 Agosti, ng'ambo ya Omani, ikaikamata City of Winchester, meli ya mizigo ya Waingereza. Hapo hapo shida ikaanza, maana Waingereza walinunua akiba ya makaa kwenye bandari za Msumbiji ili isipate pa kujaza. Tarehe 20 Septemba ikaizamisha Pegasus, iliyokuwa imesimama Zanzibar ikitengeneza mitambo yake, kisha yenyewe ikarudi kujichimbia Rufiji, makaa hayatoshi na injini mbovu. Vipande vya mitambo vilikokotwa na watu nchi kavu mpaka Dar es Salaam kutengenezwa, vikarudishwa vivyo hivyo.

Halafu inakuja sehemu ya Lindi, ambayo vijana wengi wa huku hawajaisikia. Tarehe 19 Oktoba 1914 manowari ya Kiingereza Chatham iliikuta Präsident, meli ya abiria ya Kijerumani, imefichwa ndani ya mto Lukuledi. Ilijidai meli ya hospitali. Humo ndani zikapatikana karatasi zinazoonyesha makaa yamepelekwa Salale, kwenye delta. Maficho yakafichuliwa na hati ya mzigo. Mhasibu alipofika hapo aliacha kuandika akanitazama: "Mwalimu, unaona sasa kwa nini nawaambia msiache stakabadhi ovyo?"

Kilichobaki nimekipitia haraka. Waingereza waliziba mlango mmoja wa mto kwa kuzamisha meli Novemba 1914, wakaichukua Mafia Januari 1915, wakaleta Severn na Mersey, meli bapa zinazoelea kwenye maji yasiyofika mita mbili, wakati Königsberg ilihitaji zaidi ya mita tano. Pigo la kwanza tarehe 6 Julai 1915 halikufaulu. La pili, tarehe 11, lilimaliza kazi, ndege ikiwaelekeza wapigaji kutoka juu. Wajerumani wakaopoa mizinga yote kumi, wakaendelea kupigana nayo nchi kavu.

28 Machi

Leo gemu haikuwashwa kabisa. Mzee Sarangi alikuja na kipande cha chaki, akachora ghuba sakafuni.

Fundi alikuwa na mpango wa kuweka kruza nne, yaani manowari za mwendo wa kasi, ndani ya ghuba, na mizinga Msangamkuu na Shangani kulinda mlango. Kwenye skrini unapendeza: kituo kimepanuliwa, meli ziko salama. Mzee akachora mkondo wa kuingilia, mwamba upande huu, mchanga upande ule. Akamuuliza, meli ya urefu wa mita mia na kitu, maji yamepwa, adui amesimama nje, unatoka vipi?

"Nasubiri maji yajae, Mzee."

"Na yeye hana saa?"

Hiyo ndiyo kasoro ya ghuba hii kwa vita. Ni dema: mlango wake unamkaribisha samaki, kutoka ni habari nyingine. Anayeitaka kuwa kituo lazima ajue atatoka saa ngapi kabla hajaingia. Nimeongeza kanuni: manowari yoyote ya zaidi ya tani 3,000 inapita mlangoni maji yakiwa yamejaa tu, na zamu za bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo) zinafuata mwandamo wa mwezi. Fundi amelalamika kwamba gemu haina hayo. Ndiyo maana tuna manila.

Kruza zimepewa majina ya mito ya kusini: Ruvuma, Lukuledi, Mbwemkuru na Mavuji. Wajerumani wenyewe waliziita kruza zao nyepesi kwa majina ya miji, Emden, Dresden, Leipzig na kadhalika, lakini mezani jina unalolijua linakaa haraka kichwani.

11 Aprili

Zamu imefika 1905, na hapa nimewasimamisha wote.

Kwenye gemu, kupanua kituo ni kubonyeza. Fedha zinakatwa, miezi inapita, uwezo unaongezeka. Nani amevunja mawe? Nani amebeba saruji? Haisemi, na simlaumu aliyeiunda, maana alikuwa anaunda gemu ya meli. Ila sisi tunacheza kwenye udongo wenyewe. Julai 1905 vita ya Majimaji ilianza Nandete, milima ya Matumbi, kwa watu kuchoka kulimishwa pamba kwa nguvu. Ndani ya wiki chache ilikuwa imefika Liwale, Masasi na bara yote ya Lindi. Manowari Bussard ilitumwa pwani ya kusini kushusha askari. Wajerumani walikiri vifo 75,000. Wanahistoria wengine wanafikisha 300,000, na wengi hawakufa kwa risasi bali kwa njaa, baada ya mashamba na ghala kuchomwa moto.

Sasa sisi tunadai kwamba katika miaka hiyo hiyo, juu ya pamba, watu wale wale walijengeshwa gati na bohari la makaa Mtwara. Hatuwezi kubonyeza tukapita.

Tumetunga Jedwali la Watu. Anayecheza upande wa Ujerumani anaandika kila mwezi anataka vibarua wangapi na kama anawalipa au anawaswaga. Akilipa, fedha inatoka kwenye bajeti ya meli. Akiwaswaga, dado inarushwa, na kila mwezi wa kuswaga unaongeza alama moja kwenye dado ya mwezi unaofuata. Ikivuka kumi, kazi inasimama na bohari linachomwa. Mzee Sarangi alikuwa amenyamaza muda wote, halafu akasema, "Na usiandike 'wafanyakazi', Mwalimu. Hawakutangaziwa nafasi." Nimefuta.

Fundi aliamua kuswaga, ili fedha ziende kwenye kruza ya tatu. Ilipofika Septemba 1905 dado ikatoa kumi na moja. Bohari limeungua, korosho (sasa ukwaju) tani 1,200 zimefutwa kwenye leja kwa kalamu nyekundu, na kwa uamuzi wangu ujenzi hautaanza tena mpaka 1908. Kwa maoni yangu hii ndiyo zamu bora tuliyocheza mpaka sasa, ingawa gemu yenyewe haikushiriki kwa lolote.

18 Aprili

Jedwali lilihitaji kupimwa kwa kitu kilichotokea kweli. Tumelipima Sudi.

Wanaopita barabara ya Lindi hadi Mtwara wanakiona kibao cha njia ya Sudi. Machi 1916 meli ya Kijerumani Marie, iliyokuwa imepenya kote kote bila kukamatwa, iliingia kwenye ghuba ile na kushusha mizinga mizito ya nchi kavu, mizinga midogo ya milimani na shehena ya risasi. Mizigo ilikuwa imefungwa tangu Ulaya katika vifurushi vya kubebwa na mtu kichwani. Tarehe 11 Aprili manowari Hyacinth ikaja kuipiga mabomu pale pale ilipojificha. Ikaumizwa lakini haikuzama, na siku chache baadaye ikatoroka usiku, ikavuka Bahari ya Hindi mpaka Batavia. Shehena ilishaondoka zamani.

Hesabu ya Mhasibu ni hii. Tani 100 ukizigawa kwa kilo 25 ni mizigo 4,000, na kila mzigo una kichwa cha mtu chini yake. Mpagazi akila kilo moja kwa siku, safari ya siku 25 imekula uzito sawa na mzigo wenyewe. Kwa hiyo lazima kuwe na wapagazi wa kubeba chakula cha wapagazi, na hao nao wanakula. Tulipofika tabaka la tatu la wabeba chakula akaweka kalamu chini. "Hii si meli tena," akasema. "Hiki ni kijiji kizima kinatembea."

Jedwali limetoa kwamba Sudi inawezekana, kwa shida, kama vijiji vya jirani vitakamuliwa chakula. Limefaulu mtihani. Linabaki lilivyo.

2 Mei

Vita imelipuka, na si ile tuliyoisubiri.

Tulikuwa tumepanga kila kitu kwa ajili ya Waingereza, 1914. Agosti 1911 gemu ikatuletea dirisha dogo: vita na Ufaransa. Uingereza imekaa pembeni. Fundi alitaka turudi kwenye faili la miezi sita nyuma tujaribu kushusha mvutano. Mhasibu alikataa katakata: kitabu kikishafungwa hakifunguliwi. Kura zikawa mbili kwa mbili, ikabidi niamue, nikaamua twende mbele.

Sababu yangu ni ya kihistoria. Mwaka ule ule wa 1911, Julai, Wajerumani walipeleka manowari Panther Agadir, Morocco, na Ulaya nzima ikashika roho mkononi kwa miezi kadhaa. Vita ya Ujerumani na Ufaransa mwaka huo si ndoto ya kompyuta; ilipita karibu kabisa na mlango. Na mtu anayetaka gemu imletee tu hadithi aliyokwisha kuitunga, aandike riwaya, atapumzika zaidi.

Ramani sasa imegeuka. Adui hatoki tena Zanzibar, anatoka mashariki. Wafaransa wana kituo kikubwa Diego Suarez, ncha ya kaskazini ya Madagaska, kama maili 550 za bahari kutoka hapa. Katikati kuna Ngazija, maili 200 tu, nayo pia ni ya Wafaransa. Zanzibar, Mombasa na bandari za Wareno zimekuwa za wasiofungamana, na hapo Mkataba wa The Hague wa 1907 unabana: manowari ya nchi inayopigana inakaa saa 24, inapewa makaa ya kuifikisha tu bandari ya kwao iliyo karibu, na haipewi tena na nchi ile ile mpaka miezi mitatu ipite. Mtwara, ambayo mpaka jana ilikuwa kichochoro, imekuwa mstari wa mbele.

16 Mei

Somo la makaa. Nilitaka kulipita haraka ila limekula jioni nzima, na nadhani ndilo kiini cha mradi wote.

Königsberg ya kweli iliweza kwenda kama maili 5,750 kwa mwendo wa noti 12, yaani maili 12 za bahari kwa saa. Watu wakisoma hivyo wanafikiri meli ina maili 5,750 mfukoni, itumie itakavyo. Kwa kanuni ya kawaida ya mabaharia, ukiongeza mwendo mara mbili, makaa kwa saa yanapanda mara nane, na kwa kila maili mara nne. Mhasibu ameikokotoa kwa noti 23: makaa yale yale hayafikishi maili 1,600. Kukimbia usiku mmoja kunakula safari ya siku kadhaa.

Tumeliweka hili mezani kwa mbegu. Ruvuma inatoka Mtwara ikiwa na mbegu kumi na saba, yaani tani 850. Kwenda njia ya meli za Wafaransa kaskazini mwa Madagaska kwa noti 12 na kurudi kunakula mbegu chache tu. Ikikutana na kruza ya Kifaransa na kukimbizwa kwa muda wa saa kumi na mbili, mbegu tatu zimekwenda papo hapo. Ikikimbizwa mara mbili, nahodha hawazi tena adui, anawaza bohari.

Na bohari letu, kwa sababu ya Septemba 1905, ni dogo. Fundi amekaa akiitazama ile kalamu nyekundu kwenye leja kwa muda.

Nimeona pia kwa nini gemu inauliza umbali wa meli mapema sana, pale pale kwenye usanifu. Ukichagua umbali mrefu, uzito unaliwa na bunka za makaa, na unaupata kwa kupunguza deraya au mizinga. Fundi alichagua umbali mrefu kabisa kwa kruza zote nne. Mezani tulimcheka 1902. Sasa hatucheki.

30 Mei

Pigano. Nalieleza lote kwa sababu lilistahili.

Ni Desemba 1911. Huchagui mahali wala saa: gemu inakuletea pigano, ukilikataa mpinzani anapewa alama bure. Ikaleta Ruvuma na Mbwemkuru, alasiri, mvua inakuja na kupita, dhidi ya meli moja isiyojulikana. Fundi akashika kipanya. Kwenye skrini kuna alama moja tu ya moshi mashariki.

Akasogea. Mvua ikafunga, ikafunguka, na ile alama ikapata jina la aina yake: kruza ya deraya, mizinga ya inchi 8. Zetu ni za inchi 4. Mzee Sarangi akasema neno moja, "Geuza", na Fundi hakugeuza. Alitaka kusogea karibu ili Mbwemkuru irushe topido. Risasi zetu zilikuwa zinafika, ujumbe unaandikwa mmoja baada ya mwingine: imepiga mkanda wa deraya, haikupenya, imepiga mkanda, haikupenya. Za Mfaransa zilianguka nyuma, kisha mbele, kisha ikatua moja. Chumba cha boila, Ruvuma. Kasi noti 23, noti 20, noti 16.

Ndipo akageuza. Mbwemkuru ikatanda moshi katikati, ikajitoa kafara nusu saa, ikapigwa mara mbili juu ya sitaha. Kilichotuokoa ni jua. Saa kumi na mbili na nusu jioni gemu inafifisha macho ya kila mtu, na Mfaransa akapoteza shabaha. Hakuna aliyezama. Gemu imetangaza ushindi mdogo wa Ufaransa.

Kwenye manila, kruza mbili zenye majeraha zinaelekea nyumbani usiku, maji ya Mtwara yanajaa karibu na alfajiri, na mbegu zilizobaki kwa Ruvuma ni nne. Zimeingia.

6 Juni

Gemu inasema Ruvuma inahitaji miezi minne ya matengenezo. Mzee Sarangi anasema mwaka.

Mtwara yetu ya kubuni ina gati na bohari, haina karakana ya boila. Karakana iko Dar es Salaam. Stima ya pwani haiwezi kupita, Mfaransa anazunguka. Limebaki jahazi, litakalopita karibu na miamba lisionekane. Lakini Desemba ni kaskazi, na jahazi lenye mzigo mzito halipandi kwenda Dar likiipinga kaskazi. Linasubiri kusi, kuanzia Aprili. Linakwenda vizuri, boila inatengenezwa, halafu kurudi kusini kunangoja kaskazi nyingine, Novemba. Ndiyo kusema Ruvuma haisogei mpaka mwisho wa 1912.

Fundi akatoa mfano wa Königsberg: si walikokota mitambo nchi kavu? Walikokota kutoka Rufiji. Kutoka hapa kuna Mbwemkuru, Matandu, halafu Rufiji yenyewe, mito yote imejaa kwa mvua za msimu, na Jedwali la Watu lina alama nane tayari.

Mhasibu ndiye aliyepata njia. Kwa nini boila iende kwa mafundi, na si mafundi waje kwa boila? Mafundi kumi na vifaa vyao, vikifungwa kilo 25 kila kimoja, ni msafara mdogo unaoweza kupenya bila kukamua vijiji. Kazi yao Mtwara itakuwa ya kuunga unga: boila mbili kati ya zilizoumia zitapona, nyingine zitaachwa. Nimekubali, kwa masharti kwamba wapagazi wanalipwa na kasi ya Ruvuma haitavuka tena noti 19. Mzee Sarangi amenung'unika kidogo kuhusu mvua, kisha akakubali naye.

20 Juni

Hali ilivyo, Februari 1912 ya mchezo. Ruvuma iko ghubani, imefunguliwa mitambo. Mbwemkuru inafaa kutoka. Lukuledi na Mavuji ziko njiani kutoka Ulaya, lakini hazina mahali pa kujazia makaa baada ya Bahari ya Shamu isipokuwa kwa meli ya kukodi itakayokutana nazo baharini, na dado ya meli hiyo haijarushwa. Leja inasomeka tani 900 Mtwara. Msafara wa mafundi umefika mto Matandu, umesimama kungoja maji yapungue. Wafaransa wameonekana mara mbili nje ya Msimbati.

Fundi anataka Mbwemkuru itoke usiku wa bamvua ikawavute Wafaransa mbali, ili jahazi moja lenye makaa kutoka Kilwa lipenye. Mhasibu anasema tani 900 hazitoshi kwa mchezo huo na kwa Ruvuma pia, achague moja. Ninaandaa orodha ya bamvua za Februari na Machi 1912 kwa mwandamo wa mwezi, na Mzee Sarangi ameahidi kuchora upya mlango wa ghuba kwa vipimo, safari hii kwenye karatasi, kwa sababu ile chaki imedekiwa.